Mtu wa Pampu

Karatasi yenyewe ni nusu ya ukurasa wa daftari la mistari. Imekunjwa mara nne, na mikunjo imeanza kukatika. Mama huiweka kwenye sanduku la bati pamoja na kanga ambazo hazivaliwi tena. Juu kuna jina la shangazi yangu, umri wake, miaka 24, na mwezi: Machi 2000. Katikati kuna mistari miwili ya mwandiko wa daktari, ule usiosomeka ila na daktari mwenzake. Chini kabisa kuna herufi mbili kubwa, M na S, na neno moja linalosomeka vizuri: Muhimbili.

Nyumbani tulikijua kisa hiki kwa ufupi tu. Shangazi alikuwa akichoka. Akitoka sokoni kurudi Mtanda alipumzika mara tatu njiani, yeye aliyekuwa bado binti. Usiku alilala ameegemea mito, kwa sababu akilala chali pumzi zinakata. Wengine wakasema pumu, wengine wakasema amepandwa na kitu, na kila kundi likaleta dawa yake. Akabeba mimba, hali ikazidi, akajifungua mtoto wa kike salama, na miezi michache baadaye ndipo karatasi ile ikaandikwa. Ilikuwa masika. Daraja la Mkapa kwenye mto Rufiji lilikuwa halijafunguliwa. Lilifunguliwa mwaka 2003. Magari yalisubiri kivuko pale Ndundu, na kabla hujafika Ndundu kulikuwa na matope yaliyoweza kulishika basi kwa siku kadhaa. Kutoka Lindi hadi Dar es Salaam ni kilomita 450 hivi. Shangazi hakuondoka. Alifariki Mtanda kabla mvua hazijakatika.

Mtoto yule alilelewa kwetu. Baba humwita mjomba, mama humwita mama, na mimi namwita mdogo wangu bila maelezo zaidi. Ndiye aliyeisoma ile karatasi. Alikuwa mwaka wa pili wa diploma ya uuguzi, amerudi likizo, akaomba kuiona. Aliishika muda mrefu kuliko ilivyohitajika kusoma herufi mbili, kisha akasema, "Mama, hii haikuwa pumu." Valvu iliyo kati ya vyumba viwili vya upande wa kushoto wa moyo ilikuwa imebana. Damu ilishindwa kupita, ikarudi nyuma, ikajaa mapafuni. Mimba huongeza kiasi cha damu mwilini, na ndiyo maana mambo yaliharibika wakati ule. Alilieleza hilo kwa sauti ya mtu anayejibu mtihani, akaikunja karatasi, akatoka nje.

Miaka mitano baadaye, akiwa muuguzi mwenye ajira ya serikali, jambo ambalo pale kwetu halichezewi, alitukalisha barazani akasema anataka kwenda kusomea kazi nyingine. Mama akauliza kazi gani. Akajaribu kulitaja jina la kigeni, pafyushonisti, likagoma midomoni mwa kila mtu. Akaeleza. Ni mtu anayekaa na mashine inayoshika kazi ya moyo na mapafu wakati wa upasuaji, moyo wenyewe ukiwa umesimamishwa.

"Umesimamishwa na nani?" mama akauliza.

"Na wao wenyewe, mama. Wanausimamisha ili waweze kuushona."

Baba, ambaye alikuwa kimya muda wote, akasema, "Na umeme ukikatika?"

Kisha wote wakanitazama mimi, kwa kuwa nasoma shahada ya uzamili ya historia na nyumbani kwetu msomi ni msomi, awe wa historia au wa injini. "Wewe kaa na vitabu," baba akaniambia, "utuambie kazi hiyo imetoka wapi na inakwenda wapi." Nilichoandika hapa kimeanza kama jibu langu kwake.

Imetoka kwa mgonjwa aliyekufa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, katika Hospitali Kuu ya Massachusetts mjini Boston, daktari kijana John Gibbon alipewa zamu ya kukesha na mwanamke mwenye bonge la damu lililoziba mshipa wa mapafu. Usiku kucha kazi yake ilikuwa kupima mapigo na kuangalia mishipa ya mgonjwa ikivimba na damu yake ikigeuka nyeusi kwa kukosa oksijeni. Asubuhi wakamfungua, bonge likatoka, mama yule akafa. Gibbon akabaki na wazo moja lililoonekana la kitoto: kama mtu angeweza kuichota ile damu nyeusi, akaitia oksijeni nje ya mwili, kisha akairudisha, mgonjwa angepata muda.

Alilishughulikia wazo hilo kwa zaidi ya miaka 20 pamoja na mkewe Mary, aliyejulikana kwa wenzake kama Maly. Maly alikuwa fundi wa maabara, na majaribio mengi ya mwanzo waliyafanya wao wawili juu ya paka, baadhi yao wakiwa paka wa mitaani ambao Gibbon alitoka usiku kuwatega kwa kipande cha samaki. Napenda kumtaja Maly mapema kwa sababu vitabu vingi humtaja kwa sentensi moja, kama mke aliyesaidia. Ukiuliza nani alikuwa mtu wa pampu wa kwanza, aliyefika asubuhi kuisafisha mashine, kuiunganisha, kuangalia damu isigande na hewa isiingie, jibu la haki kabisa ni yeye.

Baadaye kampuni ya IBM iliwapa wahandisi na fedha, na tarehe 6 Mei 1953, mjini Philadelphia, Gibbon aliziba tundu kwenye moyo wa msichana wa miaka 18, Cecelia Bavolek. Kwa dakika 26 mashine ilibeba kazi yote ya moyo na mapafu yake. Haikwenda kwa ulaini kama inavyosimuliwa. Dawa ya kuzuia damu kuganda ilikuwa haitoshi, na vibonge vilianza kujitokeza ndani ya mashine wakati upasuaji bado haujaisha. Walimaliza kwa haraka na kwa bahati. Cecelia aliishi hadi mwaka 2000, mwaka uleule wa karatasi yetu. Mgonjwa mmoja kabla yake alikuwa amefariki, na watoto wawili baada yake walifariki pia. Gibbon akaacha kabisa upasuaji wa moyo.

Nikiwa kwenye ukurasa huo nilijiuliza Lindi ilikuwa wapi. Mwezi Aprili 1952, mwaka mmoja kabla, kimbunga kilikuwa kimeipiga Lindi na kuacha mji mzima ukitafuta mabati yake. Miaka hiyohiyo makao ya Jimbo la Kusini yalihamia Mtwara, kwenye bandari mpya iliyochimbwa kwa ajili ya karanga za Nachingwea, mradi ambao tayari ulikuwa umeanguka. Nayaweka haya pamoja kwa sababu ndivyo yalivyotokea, pamoja. Siku ambayo mashine ilibeba kazi yote ya moyo na mapafu ya binadamu kwa mara ya kwanza na mgonjwa akaamka, Lindi ilikuwa mji ulioanza kushushwa cheo.

Baada ya Gibbon kukata tamaa, kazi ilihamia Minnesota. Huko C. Walton Lillehei aliamua kwamba kama mashine haiaminiki, atatumia mtu. Machi 1954 alimlaza mtoto Gregory Glidden meza moja na baba yake meza ya pili, akaunganisha mishipa yao kwa mirija na pampu ndogo, na damu ya mtoto ikaenda kusafishwa kwenye mapafu ya baba. Mtoto alifariki siku 11 baadaye kwa nimonia, lakini tundu la moyo lilikuwa limezibwa. Wakaendelea. Kati ya wagonjwa 45 waliofanyiwa hivyo, 28 walitoka hospitali wakiwa hai. Wakosoaji walisema huo ndio upasuaji pekee unaoweza kuua watu wawili kwa mpigo. Nilipomsimulia mama habari hii hakushangaa hata kidogo. "Mzazi gani angekataa?" alisema.

Aliyekuwa akisimamia pampu ile ni daktari kijana, Richard DeWall, na mwaka 1955 ni yeye aliyetengeneza kifaa cha kutia damu oksijeni kwa mapovu, akitumia mipira ya plastiki ya aina iliyotumika viwandani kupitishia vyakula na vinywaji. Kilikuwa rahisi, kilitupwa baada ya kutumika, na kilifanya kazi. Mtu wa pampu ndiye aliyeirahisisha pampu, na upasuaji wa moyo ukatoka kwenye hospitali mbili tatu ukaanza kusambaa. Kusambaa kulihitaji mikono, na kwa kuwa hakukuwa na shule ya kazi hiyo, hospitali zilichukua waliokuwepo: wauguzi, mafundi wa maabara, wahudumu waliokuwa wakitunza mbwa wa majaribio, watu wenye mkono mzuri wa kukaza viungio. Walijifunza wakiwa kazini, wakaunda chama chao Marekani mwaka 1964, na bodi ya mitihani mwaka 1975. Leo Marekani kazi hii husomewa chuo kikuu, mara nyingi kwa ngazi ya uzamili, na India ipo shahada yake ya kwanza. Ila ukiwasikiliza wanaoifanya utaona bado ina harufu ya ufundi, ya kusimama nyuma ya mtu aliyekutangulia ukitazama vidole vyake.

Moja ya mashine za Minnesota ilifika Afrika. Christiaan Barnard alikwenda kusoma huko, na aliporudi Cape Town mwaka 1958 alirudi na mashine. Kila mwanafunzi wa biolojia anajua kilichofuata katika hospitali ya Groote Schuur usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1967: moyo wa Denise Darvall ukawekwa kwenye kifua cha Louis Washkansky. Barnard akawa mtu wa magazeti na ndege. Walioendesha mashine usiku ule, Johan van Heerden na binti mdogo wa umri, Dene Friedmann, utawapata ukichimba.

Kuhusu jambo hili mtu wa Lindi hahitaji kuelezwa sana. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya madaines wakubwa pale Tendaguru, na mifupa ile, tani kwa tani, ilibebwa na watu wetu vichwani na mabegani mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa kwenda Berlin. Inasimama huko hadi leo. Wanasayansi wake, Janensch na Hennig, wamo vitabuni. Msimamizi wa kazi na fundi mkuu wa kuitayarisha mifupa, Boheti bin Amrani, nilimfahamu nikiwa chuo kikuu, mimi niliyezaliwa kwenye mji ambao alipitisha mizigo yake. Nimekuwa na hasira na jambo hilo tangu siku ile, na nakiri kwamba hasira hiyo imenifanya niwapendelee watu wa pampu kuliko wapasuaji. Msomaji apunguze chumvi anapoona nimezidisha.

Afrika Mashariki haikuwa gizani katika habari za moyo. Mwaka 1948, Mulago na Makerere, J. N. P. Davies aliueleza ugonjwa ambao makovu hukua ndani ya kuta za moyo na kuubana, na jina alilousaidia kupata ndilo ulimwengu unalotumia. Tulijua kuwatambua wagonjwa. Tulichokosa kwa miongo mingi ni ile mashine na mtu wa kukaa nayo. Muhimbili, iliyofunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret, ilipokea watoto wenye midomo ya bluu na mama wajawazito wasioweza kulala chali, ikawaandikia barua. Waliobahatika walipelekwa nje, hasa India, kwa fedha za serikali au za wafadhili kama Lions Club. Neno "India" likawa na maana yake pwani hii. Mtu akisema fulani kaenda India, hakuna anayeuliza kafuata nini.

Mwaka 2008 Muhimbili ikaanza kufungua vifua yenyewe. Mwaka 2015 Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ikasimama rasmi ndani ya eneo lilelile la Upanga, chini ya Profesa Mohamed Janabi. Kwa upande wa watoto, Dkt. Godwin Godfrey alikuwa amekwenda kusomea upasuaji wao Israel, katika hospitali ya Wolfson iliyopo Holon, kupitia shirika la Save a Child's Heart, akarudi. Lakini mpasuaji akirudi peke yake ni sawa na nahodha aliyeshuka bandarini bila mabaharia. Anahitaji mtu wa usingizi, wauguzi wa chumba cha uangalizi maalumu, fundi wa vifaa, na mtu wa pampu. Ndiyo maana hospitali zilizofanikiwa zilisomesha timu, si mtu mmoja. Na ndiyo maana, katika taarifa za taasisi zetu kwa Kiswahili, huyu ninayemtafuta anatajwa kwa maneno kumi na manne: mtaalamu wa kuendesha mashine ya kusaidia moyo na mapafu kufanya kazi wakati wa upasuaji. Jina refu hivyo ni dalili ya kazi ambayo lugha haijaizoea.

Anafanya nini hasa? Mdogo wangu alinieleza kwa kutumia ndoo, mpira wa kumwagilia na mchanga wa uani, nami nitajaribu bila vifaa hivyo. Kwanza mgonjwa hupewa heparini ili damu isigande inapogusa plastiki. Mtu wa pampu hupima muda wa damu kuganda. Wengi wanataka uvuke sekunde 480 kabla ya kuanza. Damu iliyotumika hutoka moyoni kwa mirija minene na kuteremka kwenye chombo chake, hupita kwenye nyuzi nyembamba zinazoipa oksijeni na kuiondolea kabonidayoksaidi, hupozwa au kupashwa moto, huchujwa, kisha husukumwa kurudi kwenye mshipa mkuu. Kwa mtu mzima ni lita nne au tano kila dakika. Mpasuaji akishabana mshipa, dawa yenye potasiamu humiminwa kwenye misuli ya moyo nao unatulia. Kuanzia hapo uhai wa mgonjwa uko mikononi mwa mtu aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu mita moja na nusu kutoka mezani, akitazama usawa wa damu ndani ya chombo cha plastiki. Ukishuka mno, pampu itavuta hewa. Hewa ikifika kwenye ubongo, hakuna upasuaji uliofanikiwa tena.

Swali la baba kuhusu umeme lilikuwa swali zuri kuliko alivyojua. Mashine zina betri. Na betri ikigoma, pampu ina mkono wa kuzungusha, kama wa cherehani ya mezani, na mtu wa pampu huinama akazungusha kwa kasi inayotakiwa huku akihesabu. Baba alilipokea jibu hilo kwa furaha kubwa. Ameendesha cherehani maisha yake yote pale sokoni, na nadhani kwa mara ya kwanza aliiona kazi ile kama kitu ambacho mtu wa familia yetu anaweza kukifanya.

Kwa mama kizingiti kilikuwa kingine. Heparini ilipatikana mwaka 1916 kwenye ini la mbwa, huko Baltimore, na mwanafunzi wa udaktari Jay McLean. Leo sehemu kubwa hutoka kwenye utumbo wa nguruwe. Mdogo wangu hakutaka kuificha habari hiyo, akaisema wazi, na barazani kukawa kimya cha aina yake. Mama akaenda kumuuliza shehe wa mtaani. Shehe akamjibu kwa neno moja ambalo kila mtu wa pwani analijua, dharura, akamkumbusha kwamba roho ya mtu ina haki. Akarudi ametulia. Hapo mdogo wangu akaongeza kwamba dawa ya kuizima heparini baada ya upasuaji, protamini, asili yake ni shahawa za samaki.

"Samaki gani?" mama akauliza, maana Lindi habari ya samaki haiishii kwenye neno samaki.

"Samoni."

"Simjui," akasema, na kwa namna alivyosema ilikuwa kana kwamba angekuwa changu au kolekole asingekuwa na wasiwasi wowote. Kwa kweli samaki huyo naye ana mambo yake: mwenye mzio wa samaki anaweza kupatwa na shambulio dawa ile ikiingia, na timu nzima husubiri dakika zile ikitazama shinikizo la damu.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo nilitamani kuiruka. Nilipokuwa nikisoma, niligundua kwamba ugonjwa wa shangazi haukulazimu mashine. Mwaka 1925, London, Henry Souttar aliingiza kidole kwenye moyo unaodunda wa msichana mwenye valvu mbovu, akaipapasa na kuipanua, na msichana akapona upasuaji. Mwishoni mwa miaka ya 1940 njia hiyo ilirudi kwa nguvu, na kwa miaka mingi valvu zilizobana zilipanuliwa kwa kidole au kwa chuma chembamba, bila pampu yoyote. Baadaye ikaja njia ya puto linalopitishwa kwenye mshipa. Na nyuma zaidi ya hapo, valvu nyingi za namna ile huharibika kutokana na homa ya baridi yabisi, inayoanza na koo la mtoto lenye vijidudu ambavyo penisilini huvimaliza. Mtoto aliyewahi kuugua homa hiyo huchomwa sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne kwa miaka, na moyo wake unaweza kuokoka. Nchi tajiri karibu zimeusahau ugonjwa huu. Mei 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio juu yake, miaka mingi sana baada ya dawa kujulikana.

Nikamwambia mdogo wangu haya yote, kwa ukali kidogo, kama anavyofanya msomi aliyepata hoja. Kwamba pengine kazi yake ya sasa, muuguzi wa Lindi anayetazama koo za watoto, ndiyo ingemwokoa mama yake, kuliko pampu iliyopo Dar es Salaam yenye chombo cha oksijeni kinachoagizwa nje na kutupwa baada ya mgonjwa mmoja. Kwamba anakwenda kusomea mwisho wa ugonjwa wakati sisi tupo mwanzoni.

Alisikiliza. Kisha akasema, "Kaka, na yule ambaye valvu yake imeshaharibika leo? Nimwambie angekuja akiwa na miaka saba?"

Nilikuwa na jibu, lakini lilikuwa la kwenye vitabu, nikalimeza.

Hoja yangu ya pili ilikuwa nzito zaidi na bado naiamini. Kazi hii haiwezi kurudi nyumbani. Muuguzi hufanya kazi Kilwa Kivinje, Nyangao, Liwale, popote penye kitanda. Mtu wa pampu anaishi mahali penye pampu. Na si suala la mashine tu: bodi ya Marekani humtaka mwenye cheti afanye angalau kesi 40 kila mwaka ili asipoteze mkono. Hata tukiiweka mashine kesho kwenye Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mtwara, bila wapasuaji wa kudumu na wagonjwa wa kutosha ingekaa chini ya shuka, na mtu wake angesahau. Kuchagua kazi hii ni kuchagua kuondoka Lindi, pengine kuondoka nchini kwa miaka kadhaa, kwa ajili ya cheo ambacho muundo wa ajira ulichelewa kukijua. Na wapo waliokwenda kusoma wakabaki hukohuko, siwalaumu.

Hakunibishia kwa maneno. Alitaja tu Hidaya. Mei 2024 kimbunga kile kilipokata barabara ya Somanga, mkoa wetu ukakaa siku kadhaa bila njia ya gari kwenda Dar es Salaam. Daraja la Mkapa lilikuwepo, lami ilikuwepo, na bado hakuna gari lililopita. Alikuwa zamu wiki ile. Hakunieleza alichokiona, ila alisema alikumbuka karatasi.

Mama ndiye aliyekata shauri, si mimi wala vitabu vyangu. Alisema huyu mtoto ameomba kitu kimoja tu tangu azaliwe.

Mwaka huu alipata nafasi ya wiki mbili kutazama katika hospitali moja mjini Dar es Salaam, kutazama tu, bila kugusa. Aliondoka na basi la alfajiri, mama akimpa korosho kilo mbili za kuwapa watu asiowajua. Usiku wa siku ya tatu nilipokea ujumbe wa sauti wa dakika tisa. Alikuwa akinong'ona, nadhani wenzake chumbani walikuwa wamelala.

Alisema mtu wa pampu alikuwa baba wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Alisema haongei. Anaitikia. Mpasuaji akitoa agizo, yeye hulirudia lilivyo, kisha hulitekeleza, kisha husema limetimia, kama kiitikio cha kasida. Mgonjwa alikuwa mwanamke wa umri wa kawaida, kutoka mkoa mwingine. Moyo uliposimama, mstari kwenye skrini ukalala, na yeye, muuguzi aliyefundishwa kukimbia anapoona mstari ule, miguu ikataka kukimbia. Yule baba bila kugeuka akamwambia, "Tazama hapa, usitazame kule," akimwonyesha damu ndani ya chombo. Akatazama. Mwishoni walipouachia, moyo ulitetemeka kwanza, haukudunda. Kisha ukadunda. Yule baba akapunguza pampu kidogo kidogo, lita tatu, mbili, moja, akaizima, akaandika saa kwenye fomu, akaomba maji ya kunywa.

"Dakika 81," alisema. "Nilizihesabu."

Halafu akaniomba nimtumie picha ya karatasi. Fomu ya maombi ya masomo ina sehemu ya kueleza kwa nini unaitaka kazi hii, na alitaka aione wakati anaandika. Nikamwendea mama. Alilifungua sanduku, akaitoa kutoka katikati ya kanga, akainyoosha juu ya paja lake kwa kiganja, taratibu, mkunjo baada ya mkunjo, akaniambia nisogeze taa, jina lionekane.